Dereva Aliyefungua Kila Mzigo

Wiki iliyopita tulimzika kijijini kwao Kintinku jirani yangu wa Mwankoko, hapa Singida, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyeugua akiwa safarini nje ya nchi na kufia hospitalini huko huko. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba siandiki tanzia za watu wakubwa, maana hao wana waandishi wao. Huyu hakuwa mkubwa, wala hakuwa rafiki yangu wa karibu. Tulisalimiana kwenye uzio, tukaazimana toroli, basi. Naandika habari zake kwa sababu ya tabia yake moja iliyowaudhi watu wengi, mimi nikiwamo. Makaburi ya ukoo wao yako karibu na barabara kuu. Ibada ikiwa inaendelea, malori ya madereva wenzake yalipita yakielekea mpakani, na kila moja lilipiga honi ndefu bila kusimama, hata mchungaji akalazimika kunyamaza na kungoja. Baadhi ya waombolezaji walinung'unika kwamba huo ni utovu wa adabu. Dada yake mkubwa, aliyesimama karibu na kaburi, aliinua mkono kila honi ilipolia, na hilo lilinishangaza kuliko honi zenyewe.

Kwa asiyejua kazi ile, nieleze kidogo. Lori lililobeba shehena ya nchi jirani hufungwa bandarini na watu wa forodha kwa lakiri, ile kufuli ya kielektroniki inayowaonyesha gari liko wapi na kama mlango umeguswa. Tangu hapo dereva haruhusiwi kuacha njia aliyopangiwa wala kusimama anapojisikia. Ana vituo vyake vya ukaguzi na maegesho yake. Kwa hiyo jirani yangu, mzaliwa wa Kintinku, alipita mbele ya nyumba ya wazazi wake kila safari, amekaa juu kwenye usukani, anaona kabisa nani anaanika mtama uani, na hawezi kushuka kusalimia. Alichoweza ni kupiga honi. Dada yake, aliyebaki kwenye nyumba ile baada ya wazazi kufariki, alikuwa anatoka nje na kumpungia kanga. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yao na marahaba yao, na kwa miaka mingi iliwatosha.

Sasa niseme juu ya tabia yenyewe. Kwetu Singida mtu anayesafiri hasafiri peke yake. Ikishajulikana kwamba anaondoka, majirani wanaanza kubisha hodi: huyu ana mlenda mkavu wa kumpelekea mwanawe, yule ana mafuta ya alizeti, mwingine ana kitenge cha shemeji yake. Mzigo huja umeshonwa au umefungwa kamba, na msafiri anaupokea kwa mikono miwili bila kuuliza kilichomo. Kuuliza ni kumwambia mwenzako kwamba humwamini. Jirani yangu alikuwa anauliza. Tena hakuishia kuuliza. Aliufungua mzigo pale pale, mbele ya aliyeuleta, akatoa kitu kimoja kimoja. Ukikataa kufungua, alikurudishia mzigo wako na kukutakia siku njema.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Nina rafiki anayeishi Kigali, tuliyefanya kazi pamoja zamani, aliyekuwa ananisumbua kwa simu nimtumie asali ya Itigi. Nikapata ndoo ndogo, asali nzuri ya nyuki wakubwa, nikaifunga vizuri na kuipeleka kwa jirani. Aliniamkia kwa heshima zote, akanikaribisha kiti, kisha akamwomba mkewe mwiko. Nilidhani anataka kuonja. Akafungua kifuniko, akazamisha mwiko wa ugali kwenye asali yangu na kuikoroga polepole mpaka chini, akikwangua kitako cha ndoo pande zote.

"Unatafuta nini humo?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya upole.

"Sitafuti kitu, mzee wangu. Nahakikisha hakuna."

"Wenzako wanabeba asali kila siku. Wanaiweka nyuma ya kiti, inafika."

"Ndiyo, wanabeba," akasema, akiendelea kukoroga. "Mimi nitaitaja forodhani. Wakisema haipiti, naiacha pale pale, na usije ukanidai."

Haikupita. Ilitakiwa kibali ambacho mimi sikuwa nacho, na aliporudi alinieleza hivyo bila kuomba radhi hata kidogo. Nilikasirika. Lakini siku ile ya mwiko, nilipomwambia kwamba amezidi, alikuwa amenieleza jambo ambalo sidhani aliwaeleza wengi. Dereva aliyemfundisha kazi ya barabara ndefu alipokea begi la mama mmoja waliyezoeana naye njiani, mama wa heshima, mteja wa siku zote. Ndani kulikuwa na nguo za watoto, na chini ya nguo kulikuwa na kitu kingine. Yule dereva alisema hakujua. Huenda kweli hakujua, ila begi lilikuwa mkononi mwake, naye akafungwa ugenini. Jirani yangu alikuwa akipita gerezani kila alipopata nafasi, anaacha sabuni na sukari. Ikafika safari moja sabuni ikarudishwa dirishani, akaambiwa mwenyewe hayupo tena duniani. Aliyasema hayo huku anapangusa mwiko, kisha akaniuliza kama mahindi yangu yameanza kutoa mbelewele.

Dada yake hakumwambia habari hiyo, na ndipo ubaya ulipoanzia. Binti wa dada huyu aliolewa Kigali, na mimba zilikuwa hazikai. Mama mtu akahangaika kama mama yeyote angehangaika. Akapata mizizi kwa mtaalamu mmoja, akaifunga kwenye kitambaa, akaizika katikati ya unga wa uwele, karanga na mlenda, akashona kiroba kwa mkono wake. Kwa kuwa lori halisimami Kintinku, alipanda basi mpaka Manyoni, akamngoja mdogo wake kwenye kituo cha ukaguzi. Walikuwapo madereva wengine, mama lishe, na wanawake wa kijijini kwao waliokuja kuuza karanga. Mdogo mtu alimwamkia dada yake, akakipokea kiroba, akatoa kisu.

Waliokuwapo wanasimulia kwamba dada alimshika mkono. "Mdogo wangu, hiki ni cha mtoto wako. Hakifunguliwi hapa." Akamjibu, "Dada, hata kingekuwa cha mama, ningefungua." Akakata uzi. Mizizi ikatoka mbele ya watu, na mmoja wa wale wanawake, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza kwa sauti ni dawa ya nini. Dada akajifunika uso kwa kanga, na kwa watu waliojua kwamba binti yake ameolewa na hana mtoto, hilo lilitosha kuwa jibu. Dereva akaitenga mizizi pembeni, akaeleza kwamba mizizi na unga wa dawa visivyo na karatasi vitamkwamisha, na kwamba vingine vyote atavifikisha. Dada alikusanya mizizi yake na kitambaa chake, akarudi kwenye basi. Kabla jua halijazama Kintinku yote ilijua kwamba binti yake hazai.

Tangu siku hiyo hakusema naye tena. Honi ililia barabarani kama kawaida, lakini hakuna aliyetoka uani. Binti alipojaliwa mtoto baadaye, dereva aliisikia habari kwa watu baki. Mkewe aliwahi kumshauri asimamishe hiyo honi, maana anajiaibisha, naye akasema honi si ya kujibiwa. Nilimfikiria kuwa mtu mkaidi, na bado nadhani alikuwa mkaidi. Angeweza kumpeleka dada yake nyuma ya kibanda, wakafungua wakiwa wawili. Kuwa sahihi hakumzuii mtu kuwa na huruma, na siku ile Manyoni huruma ilimpungukia.

Hata hivyo, nikiangalia tunavyosafiri siku hizi, siwezi kumlaumu peke yake. Zamani safari ya nje ilikuwa ya wachache. Leo barabara ni ya lami, na katika mtaa wangu kuna binti aliye Omani, kijana anayefuata bidhaa China, na wazee waliokwenda kuhiji. Wote wanapewa maelekezo yale yale: kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo, dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, nyama na mbegu usibebe bila kuuliza, fedha nyingi zitaje, na begi usilolipanga mwenyewe usiliguse. Hayo yote ni mepesi kuyakariri mpaka unapofika hilo la mwisho. Hapo sheria inakutaka umtazame mama mdogo wako kama mtu usiyemjua, na hakuna bango lolote la uwanja wa ndege linalokueleza utamwambiaje. Aliyeandika maelekezo hakuwaza kwamba mlangoni kwako atakuja mtu aliyekulea, ameshika kiroba kilichoshonwa. Na aliyeshona kiroba hakuwaza kwamba kitapita mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kutoamini. Katikati ya hao wawili anasimama msafiri, na akikosea ndiye anayefungwa.

Basi turudi msibani. Dereva alipofariki, mjane alibaki na waombolezaji kama desturi ilivyo, na ukoo ukatafuta mtu wa kwenda kuuchukua mwili. Dada mkubwa akasema atakwenda yeye. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Alikwenda na binamu wawili, na mmoja wao ndiye aliyenisimulia tukiwa tumekaa mkekani. Walipofika mpakani wakirudi, nyaraka za mwili zilikuwa kamili. Afisa, kijana mwenye adabu, aliwapa pole, akakagua gari na mabegi yao, kisha akasimama mbele ya sanduku lililofunika jeneza. Akasema, kwa kusitasita, kwamba anaomba sanduku lifunguliwe aone ndani. Binamu walikuja juu. Mmoja akasema maiti ya watu haifunguliwi barabarani kama gunia, mwingine akaanza kumpigia simu mtu anayemjua. Yule afisa alibaki ameinamisha kichwa, wala hakuondoka.

Dada alikuwa amekaa ndani ya gari, amejifunika kanga. Akateremka. "Mwacheni afanye kazi yake," akawaambia binamu. Akamgeukia afisa: "Fungua, mwanangu. Huyu hakupitisha mzigo wa mtu bila kuufungua. Hata wangu."

Binamu anasema alisimama pale sanduku likifunguliwa, mkono wake juu ya ubao, mpaka misumari iliporudishwa. Hakulia mpaka gari lilipoanza kutembea. Sijui alikuwa amemsamehe siku nyingi na akakosa pa kulisemea, au alimsamehe pale pale, na binamu hakuthubutu kumuuliza. Ninachojua ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu Manyoni honi zilipigwa Kintinku na yeye akazijibu, ila aliyestahili jibu lile hakuweza kuliona. Hilo liliniuma, ingawa, kama nilivyosema, mtu mwenyewe hakuwa rafiki yangu.

Jioni, nilipokuwa najiandaa kurudi Singida, dada aliniita kando. Mama mzazi wa mjane anaishi Mwankoko, miguu haikumruhusu kuja mazikoni, na dada alitaka nimpelekee karanga. Kiroba kilikuwa chini, mbele ya watu waliokuwa wakiaga, na mdomo wake ulikuwa wazi. Uzi na sindano alikuwa navyo mkononi. Nikainama nikichukue hivyo hivyo, maana nimelelewa hivyo, nikasema, "Shona tu, dada, mimi na wewe hatuna shaka." Akanitazama kwa macho mekundu.

"Angalia kwanza, ndiyo nishone," akasema. "Usinipende kwa namna ile iliyomfunga mtu."

Kumbe alikuwa ameshaambiwa. Mjane alimsimulia habari za yule dereva mwalimu, begi na sabuni iliyorudishwa, wakiwa wameketi pamoja msibani, wakati haikuwa na faida tena kwa ndugu hao wawili. Na hapo ndipo nilipopata la kuwaambia ninyi mnaosafiri na ninyi mnaotuma mizigo. Anayetuma aulete mzigo ukiwa wazi, ili msafiri asilazimike kutoa kisu. Na msafiri aeleze mapema kwa nini anafungua, aeleze kwa mdomo wake, kwa wale anaowapenda kabla ya wengine wote. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono kwenye karanga mpaka chini, nikapapasa pembe zote za kiroba huku watu wakitazama. Dada alingoja nimalize, akatia uzi kwenye sindano, akashona.