Ramani ya simu ilimkosesha mama yangu kumvika mdogo wangu vazi la ushemasi

Wakuu, salaam kwenu. Ninayoandika hapa sijaongeza chumvi. Laiti ingekuwa chai ya kutunga.

Mdogo wangu alikuwa frateri, anasomea upadri pale seminari ya Kipalapala. Mwaka huu akaitwa kupewa daraja la ushemasi, hatua ya mwisho kabla ya upadri, misa saa nne asubuhi.

Kwa wasiojua: siku hiyo mzazi ndiye hupeleka vazi mbele, akasaidia kumvika mtoto. Baba alishafariki, amebaki Mama. Vazi alilishonesha mwenyewe, na alikataa kulituma kwa basi. "Nitalipeleka kwa mikono yangu," alisema.

Mimi nafanya kazi Dodoma. Siku moja kabla nikaenda kumchukua Mama kijijini kwetu, wilaya ya Igunga.

Kosa la kwanza ni langu. Asubuhi ile nilisimama kuosha gari ili nionekane pale seminari. Tukatoka saa moja.

Kupitia Nzega ni lami tupu, lakini ni kuzunguka, na tayari tulikuwa tumebanwa na muda. Nikafungua ramani. Ikaniletea shortcut inayokata mbuga na kutokea Igalula, upande wa Kipalapala, eti tungeokoa dakika arobaini.

Mama akaona naacha lami.

"Baba, huku si wanapita ng'ombe? Gari zinapita Nzega."

Nikamjibu, na jibu hili linaniuma mpaka leo: "Mama, hii inaongozwa na setilaiti. Wewe tulia."

Akatulia kweli. Akatoa rozari yake.

Mwanzoni njia ilikuwa nzuri. Baadaye ikawa mistari miwili ya matairi, halafu mmoja, halafu nyasi. Simu inasisitiza niendelee mbele. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Wanaoujua udongo mweusi wa mbuga wameshaelewa.

Gari ikazama mpaka mlangoni.

Nikachimba kwa mikono, nikakata matawi, wapi. Mtandao hakuna, hata wa kuwaambia watusubiri. Mama amekaa ndani, vazi limefungwa kwenye nailoni mapajani, anasali rozari taratibu. Saa nne ikafika tukiwa hapo hapo. Nilimwona akitazama saa yake, kisha akageuza uso dirishani.

Karibu saa tano akatokea baba mmoja wa Kisukuma na ng'ombe wake wa kulimia. Mama akamsalimia kwa Kisukuma, akamweleza. Yule baba akanigeukia.

"Nani kakwambia upite huku?"

"Ramani ya simu."

"Masika hata sisi na mifugo tunapazunguka hapa. Wewe ni wa tatu kukwama."

Akafunga minyororo, ng'ombe wakatuvuta. Tukarudi mpaka lami, tukapita Nzega.

Tumefika Kipalapala saa tisa kasoro. Watu wanakula pilau, kwaya inaimba nje. Mdogo wangu akaja mbio, ameshakuwa shemasi, amevaa vazi la kuazima. Aliyelipeleka mbele ni mama mmoja wa jumuiya ya jirani, aliyeombwa pale pale.

Mama akampa lile furushi. "Mwanangu, nisamehe, nimechelewa."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha, wakuu. Mimi nimesimama pembeni na matope mpaka magotini.

Mdogo wangu akaenda kuvaa lile la Mama ili wapige picha pamoja. Picha ni nzuri. Ila kila mgeni akija nyumbani, akaiona na kuuliza, "Mama, hapa ndipo ulipokuwa unamvika?", Mama anajibu, "Hapana, hapo wameshamaliza."

Nilimwomba radhi wiki ile ile. Akasema yameisha. Lakini upadrisho wa mdogo wangu ni mwakani, nikampigia kumwambia nitamfuata mapema, siku mbili kabla.

"Usisumbuke," akasema. "Nitapanda basi."

Hakusema kwa hasira. Bora angefoka.

Nilichojifunza: ramani haijui mvua imenyesha wapi, na haitasimama kanisani kuulizwa mzazi yuko wapi. Ukiwa na mtu aliyezaliwa sehemu ile ndani ya gari, muulize yeye, hata kama hajui kuwasha simu.

Kuna mwenzangu aliyewahi kumkosesha mzazi wake jambo lisilorudiwa? Ulifanyaje mpaka akakuamini tena? Nasoma comment zote. Wa kunisema nisemeni, nimestahili.