Kuvua Wima na Mama Yake Salma

Nilikwenda baharini kwa sababu nilitaka kuoa. Salma ni binti wa familia ya Kiunguja iliyohamia Dubai kabla hajazaliwa. Mama yake, Bi Zuwena, ni mjane. Nilipompigia simu kuomba nilete posa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Jumamosi tunakwenda kuvua. Njoo."

Mimi ni mtu wa Kilifi, kwa hiyo watu hapa Dubai huamini najua kuvua. Kazi yangu ni kutengeneza viyoyozi.

Alfajiri nilitoka Silicon Oasis, mtaa ninaokaa, kwa teksi. Salma alinipigia njiani. "Usijifanye unajua," alisema. "Mama hugundua."

Al Twar, nje ya nyumba yao, Bi Zuwena alikuwa amesimama kwa baibui na raba, fimbo mbili za kuvulia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Ungeacha."

Bandarini tulimkuta Mjomba Seif, kaka yake, mwenye boti. Salma hakuja. Mama alisema boti imejaa. Tulikuwa watu watatu kwenye viti vinane.

Baada ya mwendo mrefu, majengo ya mji yakabaki kama meno ya kitana. Mjomba Seif alikuwa akitazama kioo kinachoonyesha samaki. "Yalla, wako chini yetu hapa," akasema, akazima injini.

Nilitaka kurusha mshipi mbali, kama nilivyoona kwenye video. Bi Zuwena alinishika mkono. "Kwa nini uwatafute mbali, na wako chini ya miguu yako?"

Alinifundisha. Mwisho wa mshipi palikuwa na kisamaki cha chuma chenye ndoana. Unakiachia kishuke wima, mpaka mshipi ulegee, ishara kwamba kimegusa mchanga. Unakipandisha kidogo, unainua fimbo, kisha unaishusha pole pole, mshipi ukiwa umekazwa kidogo tu. Nami nilikuwa navuta kama mtu anayeteka maji.

"Usiwakimbize," alisema. "Samaki hukikamata wakati kinashuka. Mshipi ukilegea hapo, hutasikia kitu."

Yeye alivua chewa wawili. Mimi nikatapika upande wa pili wa boti, fimbo bado mkononi. Ni katika hali hiyo fimbo ilipojikunja. Mjomba Seif alipiga kelele kuwa ni kolekole, mkubwa. Nilishika kwa mikono miwili, goti kwenye ukingo, rili, lile gurudumu la mshipi, ikilia.

Bi Zuwena alisogea karibu. Nilidhani anakuja kunisaidia.

"Ukimwoa Salma," alisema, "utamchukua Kilifi?"

Jibu zuri nilikuwa nimeliandaa tangu Jumatatu. Lilikuwa na maneno mengi. Sikukumbuka hata moja.

"Ndiyo, mama. Nikishapata nafasi ya kufungua karakana yangu, tutarudi."

Akageuka, akarudi kwenye fimbo yake. Mshipi nao ukakatika. Nilikaa chini sakafuni, nikatazama fimbo iliyonyooka, nikaamini nimepoteza vyote viwili kwa mpigo mmoja.

Tukageuza boti kurudi. Mjomba Seif alinipa chupa ya maji bila kunitazama, jambo lililonitisha zaidi.

Al Twar tena, adhuhuri. Salma alitufungulia mlango, akatazama uso wangu, akaanza kulia. Mama yake alimpa ndoo ya samaki.

"Lia huku unapara magamba," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Watatu wamekuja kabla yako. Wote walinambia hawatomtoa Dubai. Mmoja alikuwa keshakata tiketi mbili za kwenda kwao."

Nikasema, "Pole, mama."

"Waambie wazee wako walete posa. Na huko Kilifi nitakuja kukaa kila mwaka, usiseme hukuambiwa."

"Karibu sana, mama."

Salma alikuwa bado analia, ila kilio kilikuwa cha namna nyingine. Mjomba Seif alianza kunisimulia kolekole wote aliowahi kupoteza, nikatambua kwamba nimeshakuwa mtu wa nyumbani.

Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba mtu akitaka kujua ukweli wako, hukuuliza wakati mikono yako ina kazi. Nami tangu tuoane nimeanza kutumia njia hiyo kwa Salma. Hunijibu kwamba nimwache kwanza amalize kupika.