Siku Jiko la Mjomba Halikuwashwa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Ni siku ambayo saa sita mchana ilitukuta hotelini kwa mjomba wangu majiko yote yakiwa ya baridi.

Nakusimulia kwa sababu nasikia mnavyobishana. Magari ya chakula yameingia Morogoro, yamejipanga toka Msamvu mpaka Kihonda, yana taa za rangi na muziki, na mtu anaagiza kuku kwa simu akiwa bado ofisini. Wenye migahawa wamenuna. Wenye magari wanawacheka, wanasema zama zao zimepita. Kila upande unakuja kwangu, kwa kuwa nimepika katika mji huu tangu usichana wangu, unataka nitamke kwamba mwenzake ndiye mwenye makosa. Sitamki. Makosa ninayoyajua vizuri ni yangu mwenyewe, basi nitakueleza hayo.

Mjomba wangu aliitwa Mzee Mkude, kaka wa mama yangu. Sisi Waluguru, kama hukuwahi kuambiwa, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Upishi aliujulia kwenye jiko la misheni huko milimani, kisha akateremka mjini na masufuria mawili na kufungua hoteli karibu na soko. Haikuandikwa jina ukutani. Watu walisema tu, "Twende kwa Mkude." Walikula ugali na maharage, mchicha wa karanga, ndizi kwa nyama, na siku za Jumapili baada ya misa, kuku wa kienyeji aliyeungwa kwa viungo vya kijijini kwetu Kinole, huko huko milimani. Alinichukua nikiwa na miaka kumi na tisa, akanifundisha kazi, na ukoo mzima ukajua kwamba hoteli ile siku moja itakuwa yangu.

Nami nilijua. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Ukiahidiwa kitu kabla hujakitolea jasho, unakilinda kwa meno badala ya mikono.

Asubuhi moja tukaona kombi bovu likisukumwa na wanaume wanne mpaka ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa karakana ya mbao. Halikuwa na injini. Ubavu mmoja ulikuwa umekatwa ukawekwa dirisha, na ndani ya dirisha lile alisimama mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga kichwani. Alikuwa Bi Zuhura, mjane kutoka Tanga. Marehemu mumewe alikuwa dereva, na kombi lile ndilo lililobaki. Akawasha mkaa humo humo, na ilipofika adhuhuri harufu ya wali wa nazi ikavuka barabara na kuingia hotelini kwetu bila hodi.

Wateja wakaanza kuifuata. Kwanza mafundi wa mbao, kisha wachukuzi wa sokoni, kisha walimu. Mimi nilisimama mlangoni nikisema kwa sauti ya kusikika, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu walicheka, ila waliocheka nao walivuka.

Mjomba alirudi jikoni. Aliongeza karanga kwenye mchicha, akaendelea na kazi.

Basi siku moja fundi cherehani, mteja wetu wa kila siku, alikuwa amesimama barazani akitazama upande wa pili. Niliona macho yake yamekwisha kuvuka, miguu tu ndiyo iliyobaki. Nikamwambia, "Angalia tumbo lako, fundi. Juzi kuna mtu kalazwa kwa kula pale. Wanasema maji anachota mferejini."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, mwanangu. Uongo mwingi haupangwi, unaponyoka tu kwa mtu mwenye wivu kama mate kwa mtu mwenye njaa. Hakuna aliyelazwa. Na maji Bi Zuhura alichota kwenye bomba lile lile tulilochotea sisi, mara nyingi tukiwa tumepanga ndoo pamoja. Lakini ilikuwa masika, na wakati wa masika watu wa mji huu huogopa ugonjwa wa tumbo kuliko wanavyoogopa mvua. Habari ikaenda. Ndani ya siku tatu pale kwenye kombi hapakuwa na mtu.

Siku ya nne, alasiri, nilimwona Bi Zuhura akimimina wali wote kwenye ndoo ya mfuga bata. Alikwangua sufuria taratibu mpaka likawa safi, kisha akakaa akaipa barabara mgongo. Nami nilifurahi. Sitakuficha, maana nikikuficha hilo nasaha zangu hazina kazi. Nilifurahi, nikaenda kuhudumia meza zetu zilizojaa.

Fundi cherehani ndiye aliyenifichua bila kujua. Alimshika mjomba mkono akamshukuru kwa kuwa na mpwa mwema, aliyewaepusha watu na maradhi. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza, kisha akaja jikoni.

"Nani kalazwa?"

"Nimesikia tu, mjomba."

"Kwa nani?"

Nikainamia masufuria. Mjomba alikuwa na desturi ya kunigombeza kwa Kiluguru, ili wateja wa makabila mengine wasijue anachosema. Nilikaa nikikisubiri Kiluguru. Hakikuja. Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, wapishi wote wakisikia, "Kesho usiwashe moto."

Nilidhani ananifukuza. Kesho yake nikafika hata hivyo, nikakaa kwenye kigoda mbele ya majivu. Ilipofika saa sita watu wakaingia, wakavuta viti, wakaagiza. Mjomba akavua aproni, akaikunja, akawaambia, "Kwangu leo hakuna chakula. Tunakula kwa Bi Zuhura."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mzee. Lakini yeye alikuwa ameshanishika mkono na tunavuka barabara. Wakatufuata, wengine kwa udadisi, wengine kwa njaa. Mjomba akaketi juu ya gogo lililokuwa pale karakana, akaomba wali na perege. Bi Zuhura akapakua. Mjomba akala polepole, watu wamemzunguka, mpaka sahani ikabaki na miba tu. Akanawa. Ndipo akasema, "Veronika, waeleze."

Nikawaeleza. Nilisema hakuna aliyelazwa, na kwamba nimeitunga habari ile mwenyewe kwa sababu ya wivu. Sauti yangu haikutoka vizuri, fundi cherehani akaniambia nirudie kwa kuwa hakusikia. Nikarudia. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, ila siku ile niliiona ndefu kuliko kupanda Kinole kwa miguu na mzigo kichwani.

Watu walimtazama Bi Zuhura. Hakupiga kelele wala hakulia. Alifuta upawa wake kwa kitambaa akasema, "Nimemwaga wali siku nne. Kwetu wali haumwagwi." Kisha akageukia dirisha na kuuliza, "Nani mwingine anakula?" Foleni ikapangika. Mimi hakuniuliza.

Tuliporudi jikoni niliomba msamaha, nikajitetea kidogo pia, kama vijana wafanyavyo. Nikasema nilikuwa naitetea hoteli yake.

"Hoteli yangu uliitukana," akanijibu. "Mtu akinihama kwa kuwa wali wa yule mama ni mtamu, najua la kufanya. Nitapika. Lakini akirudi kwa kuwa umemdanganya, nitampikia nini? Miaka yote hii nasimama mbele ya moto ili watu waje kwa ajili ya chakula. Wewe umewaleta kwa hofu."

Nikasema basi anisamehe. Akasema amenisamehe. "Ila hoteli sikupi," akaendelea. "Siku Bi Zuhura atakapovuka mwenyewe, bila kuitwa wala kubembelezwa, akakaa kwenye meza hii na kula ulichopika wewe, siku hiyo ndiyo tutazungumza."

Fikiria adhabu hiyo. Angenichapa ningesahau. Ilinibidi nipike kiasi cha kumvusha barabara mtu niliyemdhulumu. Nilianza kuamka mapema kwenda kuchagua mchicha mwenyewe kwa akina mama wanaoteremka nao kutoka milimani, badala ya kungoja uliobaki. Nilijifunza kutwanga karanga na kuacha kununua za unga. Nilijifunza kuonja, jambo ambalo mwenye kiburi halifanyi. Kila adhuhuri nilitazama ng'ambo. Bi Zuhura aliuza, akafunga dirisha, akaenda zake. Tukikutana bombani nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba, na maneno yakaishia hapo.

Mwaka ulipita, na masika mengine yakapita. Kisha siku moja ya kazi, saa nane, nikainua macho nikamkuta ameketi meza ya pembeni, mkoba wake juu ya mapaja. Akasema, "Nipe ugali na mchicha." Nilimpakulia kwa haraka mpaka nikamwaga mchuzi. Alikula akamaliza. Akaniita.

"Chumvi imepungua," akasema.

Kesho yake akaja tena.

Mjomba, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye mlango wa jikoni, alikwenda uani na hakurudi kwa kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia moshi, kisha akaniita tuzungumze habari ya hoteli, ikawa yangu. Mpaka leo nikikumbuka kifua changu hupanuka. Watu wengi wamenisifu tangu siku ile, wakubwa kwa wadogo. Hakuna sifa niliyoitolea jasho kama ile ya chumvi kupungua.

Sasa sikia ya leo. Mwaka huu gari la chakula limeegeshwa karibu na mlango wangu, la binti mmoja aitwaye Neema, aliyemaliza chuo Mzumbe akaona ajira zinachelewa. Jioni wateja wangu wote huwa kwake. Wasichana wangu wa jikoni wakanijia na maneno, mara mafuta yake, mara nyama yake. Nikawanyamazisha, nikaenda mwenyewe. Neema alishuka garini kuniamkia, akanitafutia kiti. Nilikula kuku wake. Alikuwa mzuri kweli, viungo vimeingia mpaka mfupani, lakini mafuta yalikuwa yamechoka. Nikamwambia, yeye peke yake, kwa sauti ya chini. Siku mbili baadaye nikapita, mafuta ni mapya. Jumapili akamleta mama yake kula kwangu.

Wateja wa jioni hawakurudi, na sitadanganya kwamba haikuniuma. Siku hizi nafunga mapema. Lakini uje mchana, uone kama utapata kiti.

Basi mwanangu, mwenye gari na mwenye mgahawa, nawaambia neno moja. Mji huu, ingawa tunautania kuwa una kila kitu kasoro bahari, una matumbo ya kututosha wote. Mwenzako akikupita, onja chakula chake kabla hujamsema. Kikiwa kitamu, rudi kwako ukaongeze bidii. Kikiwa na kasoro, mwambie faraghani. Wivu usiuingize jikoni, maana hauivi, unaunguza vilivyomo. Na ukiwa umekwisha kumkosea mtu, usitosheke na kuomba radhi kwa mdomo. Fanya kazi mpaka akuone mtu mwingine. Jivunie kazi yako, tena jivune sana, mradi iwe kweli ni kazi yako unayojivunia na si anguko la jirani.

Mungu abariki mikono yako. Akupe riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake, akupe majirani wanaokuambia ukweli, na siku utakapokuwa mzee kama mimi, wawepo watoto wa kukusikiliza. Amina.