Bastola Inayomngoja Henriette

Henriette hasuki kimya. Ukikaa kwenye kiti chake, pale saluni karibu na renki, kituo cha taxi, huku Isipingo, Durban, utaondoka na rasta kichwani na habari za watu wote masikioni. Ana ulimi mwepesi na vidole vyepesi zaidi. Habari hii ya leo alinisimulia mwenyewe, vipande vipande, na kipande kimoja nilikishuhudia mimi kwa macho yangu nikiwa nimesukwa nusu kichwa.

Ni mtu wa Uvira, Kongo. Alifika Durban kabla watu wetu hawajajaa mjini, akaanza kwa kusuka kando ya barabara akiwa amekalia ndoo, mpaka akapata chumba chenye kioo na umeme. Serikali ilimpa karatasi ya kukaa moja kwa moja, ile tunayoiita permanent, ambayo wengi wetu tunaiota tu. Mume alishafariki, watoto hakujaliwa. Anapenda kucheka, anapenda sombe, yale majani ya muhogo, aliyoitwanga mwenyewe kwenye kinu, na anachukia mtu anayeingia mahali bila hodi.

"Mtu muzuri anapiga hodi," husema. "Mwenye hapigi, iko na yake mu roho."

Aliyesamehewa sheria hiyo alikuwa mmoja tu, MaNgcobo. Huyu ni mama wa Kizulu, mjane kama yeye ila amemzidi umri, anauza amagwinya mbele ya saluni, yale maandazi makubwa ya huku, na nyumba yake iko ua wa pili kutoka kwa Henriette. Kila asubuhi aliusukuma mlango wa saluni kwa nyonga, mikono imejaa, akaweka amagwinya mawili juu ya meza ya mafuta ya nywele, akakaa bila kukaribishwa. Henriette alimfundisha neno letu la hodi. MaNgcobo alilicheka. Alisema neno ni zuri, lakini mlangoni kwa mwanawe hodi ya nini?

Kisha ukaja mwezi wa nne wa mwaka 2015, na fujo za kuwafukuza wageni. Mnazikumbuka, sina haja ya kuzieleza zote. Maduka ya watu wetu yalifungwa, wengine wakakimbilia kwenye mahema. Siku zilipowaka moto huku Isipingo, Henriette alikuwa nyumbani, chumbani anamolala, peke yake. Mchana ulikuwa mweupe. Barabarani watu waliimba na kupiga mabati, na sauti zilikuwa zikisogea. Komeo la mlango wake lilikuwa bovu tangu Krismasi, kila siku alisema kesho atamwita fundi. Akatazama huku na huku, akaona mchi wa sombe. Akauchukua, akasimama nyuma ya mlango.

Mlango ulisukumwa. Hakuna hodi, hakuna sauti.

Mtu aliingia kinyumenyume, ameinama. Henriette alikwisha kuuinua mchi kwa mikono miwili, na anasema mchi ulikwisha kuanza kushuka alipoona kitambaa cha bluu, kitambaa cha kanisa cha MaNgcobo. Aliuzuia. Mpaka leo hajui aliuzuiaje. MaNgcobo alikuwa bado akichungulia barabarani, anaurudisha mlango polepole usilie, na alipogeuka alimkuta Henriette mikono mitupu, mchi umeegemea ukuta.

"Sikuita kwa sababu wangenisikia," MaNgcobo alinong'ona. "Jifunike hili blanketi. Twende."

Alimtoa kwa uani, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akalala chini kwenye mkeka. Vijana walipofika kuuliza kama kuna mgeni humo, aliwajibu mlangoni kwamba humo mna yeye na dada yake mgonjwa, na kama wanataka ugonjwa waingie. Hawakuingia. Henriette alikaa humo mpaka mji ukatulia, akipikiwa, akifuliwa, na kila usiku akisikia pumzi za yule mama pale sakafuni, na kila alipofumba macho aliona kisogo chenye kitambaa cha bluu.

Hakumwambia. Angeanzia wapi? Unamshukuruje mtu kwa kukuokoa, kisha unamwambia ulikaribia kumpasua kichwa?

Mji ulipotulia, hofu haikutulia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Papy, yule kijana wa Bukavu anayetengeneza simu chumba cha pili kutoka saluni, ndiye aliyeleta wazo, na Papy akipata wazo hana dogo.

"Yaya Henriette, ile bantu batarudia tu," alisema; yaya kwao ni dada mkubwa. "Siye tuko na karatasi ya asylum, licence hatutaipata. Weye uko na permanent. Nunua kamoja kadogo, utembee nako mu sakosi, ile mukoba yako. Kwa sheria, kabisa. Utakuwa sharp."

Kwa kweli neno lilimwingia. Akaenda mjini, kwenye duka la silaha la mzee mmoja wa Kihindi aitwaye Perumal, mtu wa miwani minene na fulana ya sufu hata siku za joto. Henriette alidhani atachekwa. Mzee hakucheka. Alimuuliza kama amewahi kushika silaha, akajibu hapana. Akamuuliza ataibeba wapi, akaonyesha mkoba wake. Mzee akautazama ule mkoba, vitana, mafuta, nyuzi za rasta, Biblia ndogo, akatikisa kichwa.

"Ikiwa ni mkoba, basi iwe na mfuko wake peke yake ndani ya mkoba," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Isikae na vitana. Kitana kikiingia kwenye triga, ile ya kufyatulia, utajua."

Akatandika kitambaa juu ya kaunta, akaweka rivolva tatu, na kila moja aliifungua kwanza, akazungusha silinda, akamwonyesha matundu yote ni matupu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya risasi za thirty-eight. Henriette aliishika, mkono ukalegea. Ya pili ilikuwa thirty-eight pia, lakini ndogo, nyepesi, nzuri kama kitu cha kuvaa harusini. Hiyo aliipenda papo hapo.

"Wote wanaoanza huipenda hiyo," mzee alisema. "Nyepesi kubeba, ila ukipiga inaruka mkononi. Utapiga mara moja, utaiogopa, hutarudi kufanya mazoezi. Mtu asiyefanya mazoezi asibebe kitu."

Ya tatu ilikuwa twenty-two, fupi, nzito kidogo kuliko ile ya harusini, na nyundo yake imefichwa ndani isinase kwenye nguo. Mzee alimwambia ukweli wote juu yake. Risasi zake ni ndogo, nyingine hugoma kulipuka, na triga yake ni ngumu kwa kidole. Lakini ni rivolva. Ikigoma unavuta tena, silinda inaleta nyingine, hakuna vifungo vya kukumbuka wakati roho iko mkononi. Na haitamrusha, kwa hiyo atapiga anapotazama.

Henriette aliivuta ile triga ikiwa tupu. Vidole vilivyosuka vichwa miaka yote havikuhangaika. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hii ndogo inaua?" Henriette aliuliza. Alitaka, ananiambia, aambiwe haiui sana.

"Zote zinaua, mama. Usinunue moja ukidhani inaua kidogo."

Akaichagua hiyo. Huku kwetu ukichagua huondoki nayo. Inabaki kwenye kasha la chuma la duka, imeandikwa jina lako, mpaka upite mafunzo, polisi wakuchunguze, leseni itoke. Henriette alirudi Isipingo mikono mitupu na moyo mzito, kana kwamba tayari ameibeba.

Mafunzo aliyaweza, tena vizuri mno. Kwenye uwanja wa shabaha walitundika karatasi yenye umbo la mtu asiye na uso, mwalimu akasema, mfikirie anasukuma mlango wako. Henriette alipiga, na matundu yakakusanyika kifuani pa lile umbo. Wenzake wakampigia makofi, naye akafurahi kabisa, akacheka. Kisha akalitazama lile umbo, kichwani akaliona na kitambaa cha bluu. Akaomba ruhusa, akaenda chooni kulia.

"Mchi nilizuia," aliniambia siku moja, kitana kimesimama hewani. "Mchi iko na muda. Ile ingine haina muda."

Hata hivyo hakuacha. Hapo ndipo ninapomlaumu, na yeye mwenyewe anajilaumu kuliko mimi. Maana fomu ya leseni ilitaka jirani, mtu asiye ndugu, atakayeulizwa na polisi kuhusu tabia yake. Angeweza kuandika mtu wa kanisani. Lakini polisi humwamini zaidi mwenyeji, naye alilijua hilo. Akaandika jina la MaNgcobo. Hakumwomba, hakumwarifu. Kila asubuhi alikusudia kusema, kila asubuhi mlango ulisukumwa kwa nyonga, amagwinya yakawekwa mezani, naye akala akamshukuru. Fadhila za punda ni mateke, alijisemea, na bado akanyamaza.

Siku polisi alipokuja nilikuwa kitini. Dirisha lilikuwa wazi na alisimama pale pale kwenye beseni la amagwinya, kwa hiyo tulisikia yote. Alimuuliza MaNgcobo kama anamfahamu Henriette, mwenye saluni, anayeomba kumiliki silaha. Mimi mwenyewe sikujua habari ya bastola kabla ya hapo, na mikono ya Henriette ilisimama kichwani kwangu.

Kisha MaNgcobo akacheka kwa sauti.

"Huyu? Huyu hata kuku hawezi kuchinja. Krismasi mimi ndiye ninayemchinjia."

"Amewahi kumwinulia mtu mkono?" polisi aliuliza.

"Hajawahi. Muulize yeyote. Andika kwamba mimi, MaNgcobo, nimesema hajawahi."

Polisi aliandika, akanunua amagwinya, akaondoka. Mikono ya Henriette ilikuwa bado imesimama. Nilimwona kwenye kioo, machozi yanamtoka wala hayafuti.

MaNgcobo aliingia. Mlango aliusukuma kama kawaida, lakini hakukaa.

"Hukuniambia," alisema.

"Niliona aibu, Ma."

"Unamwogopa nani?"

Wote watatu tulijua jibu, na mimi nilitamani kiti kinimeze.

"Watu wa kwetu," MaNgcobo alijijibu. Hakusema kwa hasira. "Sawa. Hata mimi niliwaogopa siku ile. Sikulaumu. Lakini nisaidie jambo moja, mwanangu. Wakirudi, mimi nitakuja kukuchukua. Na sitaweza kuita nje, kama vile sikuweza mara ile. Sasa niingie vipi, usije ukanipiga kwa bunduki yako?"

Hapo Henriette alivunjika. Alisema yote kwa Kizulu chake cha sokoni, na kilipomwishia akamalizia kwa Kiswahili, huku mikono ikionyesha kwa kuinuka juu ya kichwa. MaNgcobo hakuhitaji mkalimani. Alipeleka mkono wake polepole kwenye kisogo chake mwenyewe, juu ya kitambaa, akauacha hapo.

"Mchi wa yale majani tuliyokula pamoja?"

"Ndiyo, Ma. Nisamehe, Ma."

"Na mimi nimemwambia polisi hujawahi."

Henriette alipiga magoti, akamshika miguu. MaNgcobo alimwinua, maana kwao kama kwetu mtu mzima haachwi sakafuni. Alisema amesamehe, na ninaamini alisamehe. Kisha akatoka kwenda kuuza amagwinya yake. Henriette alijaribu kumalizia kichwa changu akashindwa, nikaenda nyumbani nimefunga kilemba.

Leseni ilitoka mwisho wa mwaka ule ule. Mzee Perumal alipiga simu, akasema bastola imesafishwa, imepakwa mafuta, aje aichukue. Henriette alijibu atakuja Jumamosi. Jumamosi ilipita, na nyingine, na mzee amepiga tena. Papy anamsumbua kila siku. Kusema haitaki hawezi, kwa kuwa bado anaogopa, tena kwa haki. Kuichukua hawezi pia. Komeo la mlango tu ndilo alilotengeneza.

MaNgcobo anakuja kila asubuhi kama zamani. Lakini nyonga haigusi tena mlango. Husimama nje, beseni mkononi, hata mvua ikinyesha.

"Hodi," huita, kwa lafudhi yake ya Kizulu, na hungoja.

"Karibu, Ma."

Huingia kwa uso, huchungulia kwanza nyuma ya mlango, kisha huweka amagwinya mawili juu ya meza. Henriette huyala yote mawili mbele yake, hata siku ambazo hayapiti kooni.