Drili Iliyosalimia Ukuta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, na kila nikiikumbuka husikia kwanza sauti: drili ndogo ya betri ikilia ndani ya chumba ambacho mimi sikuruhusiwa kuingia.

Jumamosi uliniuliza mbele ya lile duka la vifaa hapa Kitale kama drili ile ya bei ya chini inafaa kununuliwa. Nikakushika mkono tukaondoka, na mpaka tunafika nyumbani sikuwa nimekujibu. Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimeliandika. Najua mimi bado si mzee. Ndevu zangu ni nyeusi, na wazee wakiyasoma haya watauliza ni nani aliyenipa kiti. Lakini wazee wangu hawakuniachia neno lolote kuhusu drili, na nikingoja mvi ndipo niseme, nitakuwa nimeshaipamba hadithi mpaka nionekane mwema.

Hukuwa umezaliwa. Mama yako nilikuwa nimempelekea ng'ombe wa mahari, ingawa si wote, kwa hivyo nilikuwa mkwe. Unajua desturi yetu. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Wanasalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni, na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakikanyagi maisha yake yote. Wewe mjukuu unaingia humo na matope miguuni na unapewa chai. Mimi naijua nyumba ile mpaka sebuleni tu.

Wakati huo Kukhu, bibi yako mzaa mama, alikuwa ametoka hospitali, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na nyumba yake mpya kule Matulo ilikuwa na kuta na paa tu. Stima haikuwa imefika. Madirisha yalikuwa vioo vitupu, na dirisha la chumba chake linatazama njia ya watu wanaokwenda posho mil kusaga mahindi. Mama yako alikuwa amekwenda kumtunza. Alimwosha pale pale kitandani, na watoto wa njiani wakazoea kusimama na kuchungulia. Basi Kukhu akalitoa blanketi lake kitandani, akaagiza lifungwe dirishani, naye akawa analala kwa leso mbili na koti la marehemu mumewe. Ilikuwa miezi ya baridi.

Mama yako alinipigia simu akanieleza hayo yote. Mjomba wako Wekesa alikuwa ameshapata waya, akasema atapiga misumari miwili, apitishe pazia, blanketi lirudi kitandani. Kazi ndogo kabisa. Mimi ndiye niliyesema hapana.

"Msipige misumari," nilimwambia mama yako. "Nitaleta drili, tufunge rodi ya pazia kama watu."

"Mama anasikia baridi," akasema.

"Nipe siku chache tu."

Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kumwambia yeye. Sikuwa nikimfikiria Kukhu. Niliwafikiria wageni watakaokuja kumwona mgonjwa, walitazame lile pazia lililonyooka na kusema, hii ni kazi ya mkwe. Kazi hii nilijifunza peke yangu kwenye simu, video baada ya video. Sikuwa na fundi mkubwa wa kunigombeza nikikosea, kwa hivyo nilijigombeza mwenyewe mchana kutwa. Nikifunga rafu ya mtu, naipima kwa pimamaji, naifungua, naifunga tena, mpaka mwenye nyumba anasema, "Fundi, umebakisha ukuta kweli?" Watu waliniona mwangalifu. Mimi nilijua kwamba ni woga.

Na woga ule ndio uliochagua drili. Nilizilinganisha drili za betri mpaka nikaota rangi zake. Nikipata moja nzuri, nasoma maneno ya mtu mmoja aliyeilaumu, naanza upya. Kila siku niliyotumia hivyo ilikuwa usiku mwingine wa Kukhu kulala na koti. Sikuzipanga siku zangu na zake pamoja hata mara moja.

Mwishowe niliingia dukani mjini, si lile uliloliona wewe, la wakati ule lilishafungwa. Muuzaji alikuwa kijana wa mizaha. Akafungua sanduku jeusi lililojaa biti, zile ncha za kutobolea, zinazong'aa, akaitoa drili, akaifinya ikazunguka hewani.

"Skia hiyo sauti, bosi. Hiyo ni ndege."

"Inatoboa ukuta?"

"Na hii utatoboa, bosi. Ukuta na maisha."

Nilicheka, na mtu akishacheka dukani ameshauzwa nusu. Akachukua kipande cha mbao laini kutoka chini ya kaunta, akazamisha skrubu. Niliona kwamba mbao ile ilikuwa imejaa matundu ya skrubu nyingine, maana yake ilikuwa imewashawishi wengi kabla yangu. Niliona, nikageukia betri. Kwenye betri paliandikwa namba kubwa ya volti, kubwa kuliko ya drili za bei ghali zilizokuwa juu kwenye rafu, na mimi niliyejiona msomaji wa kila kitu nikaiamini kwa sababu imeandikwa. Nilipoishika ilikuwa nyepesi. Wepesi ule nao niliupenda. Betri ilikuwa moja tu.

Swali moja halikunijia: juu ya dirisha la Kukhu kuna nini? Chumba sikuwa nimekiona na sitakiona. Kumuuliza mama mkwe habari za ukuta wa chumba chake cha kulala, aibu ingeniua. Lakini Wekesa ningeweza kumuuliza. Nilijiambia nyumba za kule ni matofali ya kuchoma, na tofali la kuchoma hata kijiko kinalikwangua. Nikasahau kwamba juu ya kila dirisha fundi wa nyumba hupitisha linta, ule mkanda wa saruji na kokoto wenye vyuma ndani. Nilikuwa nimeisoma drili mpaka mwisho na ukuta sikuwa nimeufungua hata ukurasa wa kwanza.

Nilifika Matulo mchana. Wekesa akaingia chumbani na drili, rodi na pimamaji. Mimi nikabaki nje, chini ya dirisha, nimpe maagizo. Ili pawe na nafasi ya kufanya kazi walilitoa blanketi, kwa hivyo kioo kilikuwa wazi, na mimi nikageuka nikaupa ukuta mgongo nisije nikaona ndani. Kukhu alikuwa kitandani. Mishono ilikuwa haijapona bado, hawakutaka kumwinua. Mama yako alimfunika uso kwa leso kwa ajili ya vumbi.

Drili ikaanza kwa sauti nzuri. Halafu sauti ikashuka, ikawa kama mtu anayebeba gunia kupanda mlima.

"Shemeji, imekataa," Wekesa akasema kutoka ndani.

"Kandamiza kidogo."

"Nimekandamiza mpaka kiti kinalia, bana."

"Vumbi lina rangi gani? Nyekundu?"

"Lilikuwa jekundu kidogo, la udongo uliosiribwa hapa juu. Sasa ni jeupe jeupe."

Nilijua hapo hapo. Jeupe ni saruji. Ningesema "acha", tungefunga blanketi na mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini kulikuwa na wanawake wawili wa kanisa uani, na wapita njia walishasimama na ndoo zao za mahindi, nami nikasema, "Endelea, itaingia."

Haikuingia. Nilisikia biti ikiteleza na kusaga mahali pamoja. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua ikitoka dirishani, Wekesa akikohoa, mama yako akisema "Mama, funga macho." Na nyuma yangu kile kioo kikawa wazi muda wote, watu wakitazama. Kisha drili ikalia mara moja fupi, ikanyamaza. Betri imekwisha, na stima hakuna.

Katika ule ukimya Kukhu akasema, kwa sauti dhaifu ya mgonjwa, lakini kila mtu uani alimsikia:

"Wekesa, hii mashine nayo ni mkwe. Inasalimia ukuta tu, haiingii."

Wale wanawake wa kanisa walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wapita njia walicheka. Hata mama yako ndani nilimsikia akijaribu kujizuia. Mimi nilitazama migomba.

Akaongeza, na sasa hakukuwa na mzaha ndani yake: "Mwambie mkwe mimi nilitaka kujifunika. Sikutaka kupambwa. Sasa nirudishie blanketi langu dirishani, hao watu wamenitosha."

Wekesa, akiwa bado juu ya kiti, akapiga misumari miwili kwenye fremu ya mbao. Niliisikia. Mapigo machache, basi, blanketi likawa juu. Lile pazia nililolinunua likabaki kwenye karatasi yake. Hata waya wa Wekesa haukupitishwa, kwa sababu sasa Kukhu hakutaka mtu yeyote apande kiti juu yake tena. Usiku ule alilala na koti. Mimi nililazwa kwa Wekesa, nikapewa blanketi zito la wageni, na sikuwa na ujasiri wa kulikataa wala wa kuuliza kama linaweza kupelekwa kule. Nililala nalo, mwanangu. Nalo lilikuwa na joto.

Baadaye nilinunua drili nzuri, ile unayoijua, yenye betri mbili na nyundo ya ndani inayogonga huku inazunguka. Nikarudi Matulo. Wanawake wa kanisa walikuwa wameshamletea Kukhu blanketi jingine na alikuwa akitembea uani. Nilimsalimia kwa mbali, nikamtuma Wekesa amwambie nimekuja kumaliza kazi.

Jibu lilirudi kabla sijafungua begi. "Anasema ati hapo pameshafunikwa."

Pamefunikwa mpaka leo. Nimefunga mapazia kutoka hapa Kitale hadi Kanduyi, nyumba za walimu, za wenye maduka, hata ya askofu mmoja, na kila ninapokwenda ukweni kitu cha kwanza kuniona ni lile blanketi la kahawia dirishani, limepauka upande wa jua. Kukhu amelipinda ncha na kulishona vizuri kabisa. Hajawahi kunitamkia neno baya. Angenitamkia ningepata pa kuomba radhi. Mapazia mapya nimeyatuma mara kadhaa, anashukuru, anayagawa.

Halafu wewe, likizo iliyopita, ulirudi kutoka kulala kwake ukaniambia, kama mtu anayesimulia habari za kuku, kwamba juu ya dirisha la Kukhu kuna shimo dogo ambalo halikumalizika, na Kukhu huweka humo sindano yake na uzi. Uliendelea kula. Mimi nilitoka nje.

Sasa swali lako. Drili ya bei ya chini inafaa? Inafaa, kama ukuta ulio mbele yako ni wa kiasi chake. Kwa mbao na tofali la kuchoma, kwa skrubu za kabati, itakutumikia, na usimcheke mtu aliyeinunua. Kwa linta na jiwe, iache hata ukipewa zawadi, ila ukiona ina nyundo na umeijaribu mwenyewe. Kabla ya kwenda dukani nenda kwanza ukaone mahali patakapotobolewa, na kama desturi imekufungia mlango, mtume anayeruhusiwa, umuulize bila haya kuna nini pale. Dukani usitosheke na drili inayozunguka hewani. Hewani zote ni ndege. Mimi siku hizi hubeba kipande cha linta kwenye begi, wauzaji hunicheka na mimi huwaacha wacheke. Ishike betri uipime kwa mkono, kwa sababu namba huandikwa bure lakini uzito wa seli zilizomo ndani hauandikwi. Weka biti, izungushe polepole uone kama ncha inatikisika. Uliza betri ya pili, na uliza kama mwakani utaipata. Kama unakokwenda hakuna stima na betri ni moja, hujanunua drili, umenunua nusu siku.

Lakini hayo yote ungeyapata kwa mtu yeyote. Langu mimi ni hili: kabla hujalinganisha vifaa, uliza ni nani anayengoja, na anangoja akiwa katika hali gani. Kama misumari miwili itamfunika leo, piga misumari. Uzuri utakuja na drili yako siku nyingine, akiwa na blanketi lake. Nakuona unavyofuta daftari mpaka karatasi inatoboka kwa sababu herufi moja imelala, na naogopa, kwa kuwa naijua mikono hiyo.

Mungu akupe macho ya kuuona ukuta kabla ya mashine. Akupe mkono usiotetemeka hata watu wakisimama kukutazama, na ulimi wa kusema "nimeshindwa" mapema, wakati bado kunamsaidia mtu. Pale uendapo kufanya kazi, asiwepo anayelala na koti akingoja ukamilike. Na kwa kuwa chumba kile wewe waruhusiwa, siku Kukhu atakapokubali, ukipanda kiti ulimalize lile shimo, mtolee kwanza sindano yake, umwekee mahali atakapoiona.