Kikombe cha Uji Kwenye Meza ya Nduku

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, unga umeshapanda hadi kwenye nyusi za Nduku Muema. Karai la mandazi linachemka kushoto kwake, kikaango cha chapati kinafuka kulia kwake, naye yuko katikati kama mama wa pacha, huyu akilia anamgeukia, yule akinyamaza anamchungulia.

"Leo mniulize maswali polepole," anatuambia sisi waandishi bila kuinua macho. "Leo nina mgeni. Mgeni mwenyewe ni mama yangu."

Hoteli anayopikia iko Witeithie, kando ya Barabara ya Thika. Ina meza tisa na mabenchi marefu, na Jumamosi kama hii mabenchi hayo hayatoshi. Familia nzima nzima huja kunywa chai hapa: baba amevaa shati la kutokea, mama ameshika mtoto, na watoto wakubwa wameshaanza kubishania mandazi ambayo bado yako kwenye mafuta.

Nduku, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alianza hapa miaka kumi na moja iliyopita akiosha vyombo. Leo ndiye mpishi mkuu. Siku ya Jumamosi hutoa mandazi mia nne na chapati mia moja na themanini kabla ya saa nne, na hulipwa shilingi mia nane kwa siku.

"Watu husema mkono wangu una sukari," anacheka. "Lakini kuna mtu mmoja ambaye hajawahi kuuonja hapa, na huyo mmoja ananiuma kuliko wote."

Mtu huyo ni Mwelu, mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na mitatu. Anaishi Murera, katika nusu ekari aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kona moja ya shamba hilo inagusa barabara ya vumbi wanakopita wajenzi, walimu na wenye pikipiki. Hapo Nduku anatamani kujenga kibanda chake mwenyewe cha chai. Chama chake cha akina mama kimemwekea shilingi elfu thelathini na nane. Mabati na mbao zitakula elfu sitini hivi, na hizo zilizobaki anaziona zinakuja.

Asichokiona kikija ni neno la mama yake.

Mwelu amelelewa akijua kwamba kinachouzwa ni kibichi. Mahindi uza, maharagwe uza, hata mbuzi uza. Lakini chakula kikishaiva ni cha mwenye njaa, na mgeni haulizwi pesa. Tangu azaliwe, hajawahi kununua chakula kilichopikwa.

"Aliniambia, 'Nduku, shamba la baba yako siwezi kulifanya pahali pa kuuzia watu njaa yao,'" anakumbuka mpishi huyu. "Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, njoo siku moja tu. Kaa, kula, uone. Ukikataa baada ya hapo, sitarudia tena. Amechukua miaka miwili kukubali."

Saa mbili na robo, tuktuk inasimama nje. Anashuka Mutie, mume wa Nduku, fundi wa mawe asiyependa maneno mengi. Anafuata Dianah, binti yao wa darasa la nane. Mwisho anashuka Mwelu mwenyewe, kilemba cheupe, sweta ya kanisani, na kiondo kilichofunikwa kwa leso.

Wanabanana kwenye meza ya dirishani, ambapo tayari ameketi mzee Nzioki, mshona viatu wa hapo stendi.

"Susu, tega kitendawili," Dianah anaomba, maana bibi yake hakai mahali bila kutega.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Huenda kwa jirani kimejaa, lakini hakirudi kitupu."

"Ndoo ya maji!"

"Ndoo ya nyumbani kwenu hurudi na nini, kama si matope?"

"Ni mfuko wa fundi siku ya malipo," anasema Mutie, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Murera.

"Wako wewe hurudi mtupu kabisa, binti yangu ameshaniambia." Meza nzima inacheka, mzee Nzioki akiwemo. "Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Thika, Susu."

"Thika nifanye nini na moshi wote ule? Nipeni Mombasa."

Wanampa Mombasa. Lakini Mwelu hatoi jibu. "Nitawapa nikishiba," anasema, kisha anafunua kiondo. Ndani mna viazi vitamu vya kuchemsha, flaski ya uji wa wimbi na kikombe chake cha bati.

Hapo ndipo Simeon, mhudumu wa miaka hamsini na mbili, anapokohoa. Juu ya kichwa cha Mwelu, ukutani, kuna bango la herufi nyekundu: CHAKULA KUTOKA NJE HAKIRUHUSIWI.

"Mama, shikamoo. Samahani sana. Chakula cha nje hapa tumekataza."

"Na aliyekataza ni nani?"

Simeon anatazama viatu vyake. Aliyekataza ni Nduku. Bango hilo aliliandika kwa mkono wake miaka mitatu iliyopita, watu walipokuwa wanakuja na mkate wa dukani, wanaagiza chai moja ya watu wanne na kushikilia benchi mpaka saa sita.

Nduku anatoka jikoni akijipangusa mikono. Wateja wamegeuka kutazama. Kwenye kaunta, Kang'ethe, mwenye hoteli, anayekuja kila siku kutoka Gitothua, anakunja mikono kifuani.

"Mimi usiniangalie, Mama Dianah," anasema. "Sheria ni yako. Mama pia ni wako."

Nduku anafungua aproni yake. Anapanda kwenye benchi, anaitundika kwenye msumari wa bango, nayo inafunika herufi zote.

"Ati bango liko wapi?" anauliza.

"Mimi sioni kitu!" anajibu mtu kutoka meza ya nyuma, na hoteli inalipuka kwa kicheko.

Mwelu hacheki. Anamenya kiazi chake taratibu. Sahani ya chapati mbili na bakuli la ndengu vimewekwa mbele yake, naye ameviacha vipoe. Nduku anarudi jikoni. Kwa dakika chache anasukuma chapati ambazo hata paka angejua si za mduara.

"Nilisema basi, imekwisha," atasimulia baadaye. "Nilikuwa nimeshaanza kuzoea kwamba amekataa."

Lakini pale dirishani, pua ya mzee Nzioki imekamatwa na flaski.

"Mama, uji huo ni wa wimbi?"

"Wa wimbi na mtama kidogo. Umelazwa ukachacha."

"Daktari amenikataza chai ya maziwa. Wiki ya tatu hii ninakunywa maji moto kama mtu anayeadhibiwa."

Mwelu hangoji kuombwa. Anajaza kikombe cha bati mpaka pomoni na kumsukumia. Nzioki anakunywa akifumba macho. Akimaliza anakifuta ukingo kwa kitambaa safi, anaingiza mkono mfukoni, na kikombe kinarudi upande wa pili wa meza kikilia kwa sauti ndogo. Ndani mna sarafu mbili za shilingi ishirini na moja ya kumi.

"Hii ni nini?" Mwelu anang'aka. "Mzee, mimi nimekuuzia?"

"Hujaniuzia, mama. Ulinipa, nami nikapokea. Lakini nimezaliwa Kangundo. Kwetu kikombe cha mtu hakirudi kitupu."

"Hata kwetu hakirudi."

"Basi unanigombeza kwa nini? Ningekuwa nyumbani ningekutilia maharagwe, ama mayai mawili. Hapa sina kuku, nina misumari ya viatu na hiki kidogo. Ungependa misumari?"

Mwelu anazimimina kiganjani. Anazitazama zile sarafu. Kisha anainua kichwa na kuanza kuitazama hoteli, meza moja baada ya nyingine: baba akimkatia mtoto mandazi, msichana akifuta ndengu kwa kipande cha mwisho cha chapati, vikombe vikirudi kaunta na watu wakitoa kitu mfukoni.

"Dianah, niitie mama yako."

Nduku anafika akiwa na unga mpaka viwikoni.

"Hawa wote," mama anauliza kwa sauti ya chini, "mtu akifika na njaa na hana kitu, unamfanyaje?"

"Anakula, mwaitu. Muulize Kang'ethe. Kila asubuhi chapati tano za kwanza haziendi kaunta."

"Ni kweli, mama," Kang'ethe anaitikia kutoka kule. "Amenifilisi chapati tano kwa siku kwa miaka minane."

Mwelu anavuta sahani. Anakata chapati, anachovya kwenye ndengu zilizokwisha poa, anatafuna. Nduku amesimama kama mtahiniwa.

"Chumvi umezidisha."

"Ndiyo, mwaitu."

"Lakini chapati umeikanda vizuri."

Anakula ya kwanza. Anakula ya pili. Mutie anasahau chai yake. Sahani ikiwa nyeupe, Nduku ananyoosha mkono kuichukua, lakini mama anaizuia. Anachagua viazi vitamu viwili vilivyonona kwenye kiondo, anaviweka juu ya sahani, ndipo anamkabidhi.

"Ile kona ya barabarani ina mihogo," anasema, kana kwamba anazungumzia mvua. "Mwezi wa nane itakuwa tayari. Ngoja nivune kwanza. Na hizo chapati tano uende nazo huko."

Nduku anaipokea sahani kwa mikono miwili. Mpango wake atautoa baadaye, akiwa mlango wa jikoni: meza tatu, chai, chapati na ndengu, na uji wa wimbi wa mama kila Jumamosi.

"Bango nitaandika?" atajiuliza. "Acha nione kwanza watu wa Murera wana tabia gani."

Kwa sasa, pale dirishani, Dianah hajasahau deni analomdai bibi yake. "Susu, umeshiba. Jibu la kitendawili!"

Mwelu anamwonyesha kwa kidevu.

"Si hilo hapo. Tazama mama yako amebeba nini."

Nduku anapita katikati ya meza, sahani mkononi na viazi viwili juu yake, akitembea polepole visianguke.