Ndege Zilizosubiri Isukuti

Harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa ikichanganyika na ya mafuta ya ndege hunirudisha Kakamega mara moja, kwenye kiwanja cha ndege cha nyasi alichokabidhiwa baba yangu tulipopata Uhuru. Wenye ndege ndogo kutoka Kitale, Eldoret na Nairobi walikuwa wamealikwa kuja kusherehekea nasi, wote asubuhi moja, na baba ndiye angewateremsha. Mzungu aliyekuwa akimwachia kazi alikaa garini karibu na redio yake, uso kama wa mtu aliyelamba ndimu. Alikuwa amesema waziwazi: mambo yakiharibika, ataziambia ndege zote zikatue Kisumu, na kiwanja atapewa mtu mwingine. Baba, ambaye hakujua kabisa kujishusha, alifunga tai mpya akamwambia mama, "Leo hata mawingu yatanipigia saluti."

Kazi yenyewe ilikuwa ya taa, kwani redio ilikuwa ile moja ya Mzungu. Baba alisimama juu ya jukwaa la mbao akiwa na taa kubwa ya mkono: nyekundu, endelea kuzunguka, kijani, tua. Ndege moja ishuke, itoke njiani, ndipo inayofuata iitwe. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye nyasi kando ya mama, nikiwatambia wasichana wenzangu kwamba yule juu pale ni wetu. Ndege zikaanza kutokea upande wa msitu, moja, ya pili, kisha nyingi, zikatuzunguka zikinguruma. Wakati huohuo likaja kundi la mjomba, kaka yake mama, likimsindikiza fahali wake aliyeitwa Waziri kwenda kupigana na fahali mwingine, kwa filimbi na ngoma za isukuti. Njia yao ya siku zote ilikatiza katikati ya kiwanja. Baba alipandwa na hasira. "Nyamazisheni hizo ngoma!" alifoka. Ngoma zikanyamaza. Na Waziri, aliyezoea kwenda mashindanoni kwa ngoma, akasimama palepale kwenye njia ya kutua, akaanza kuparura ardhi kwa kwato.

Walimvuta kamba, akagoma. Baba akaelekeza taa nyekundu angani. Nikamwona Mzungu akinyoosha mkono kuishika redio, nikajua kesho soko zima lingemcheka baba yangu.

"Mulamwa, Waziri hatembeangi bila ngoma," mjomba alimwambia baba, akimwita shemeji kwa lugha ya kwetu, kwa utulivu wa kuudhi. "Wewe ni mtu wa hapa. Hata hiyo umesahau?"

Baba akatazama juu, akamtazama fahali, akaruka chini kutoka jukwaani. "Pigeni! Pigeni isukuti!" Akatangulia mwenyewe mbele ya zile pembe, tai imerukia begani, taa nyekundu bado iko juu, akicheza, mabega yakitetemeka kwa mdundo kama ya bwana arusi. Waziri akainua kichwa, akamfuata. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Fahali alipovuka mstari wa chokaa ukingoni mwa njia ya kutua, baba, bila kuacha kucheza, akageuza taa ikawa kijani.

Ya kwanza ikashuka, ikatoka njiani. Ya pili ikafuata, kisha nyingine na nyingine, kila moja ikipokewa kwa ngoma, mpaka anga ikabaki tupu na kimya. Mzungu alirudisha redio mahali pake, akashuka garini, akampa baba ufunguo wa kibanda cha kiwanja. Baba aliuinua juu watu wote wauone. Nilijivuna mpaka kifua kikaniuma.

Baba alikaa na ufunguo ule mpaka alipostaafu. Siku hizi kiwanja kina lami, rubani huongozwa kwa redio, na abiria hushuka macho yakiwa kwenye simu. Ni salama zaidi, nami nashukuru. Lakini magurudumu yanapogusa ardhi ya Kakamega, mabega yangu hutetemeka yenyewe hapo kitini. Mwezi uliopita kijana wa kiti cha kando yangu aliniuliza kwa huruma, "Mama, unaogopanga ndege?"

"Hapana," nilimwambia. "Hapa kwetu ndivyo tunavyotua."